Mlinzi wa Mlango Naye Aandikwe Daftarini

Tangu mwezi wa Februari 2025 neno moja limesemwa sana hapa Bukavu, madukani, katika ateliye za mafundi, hata mbele ya kanisa baada ya Misa: "Tumepoteza vyote." Wenye mali walisema hivyo, nasi hatuwezi kuwacheka, maana tuliona kwa macho yetu milango iliyong'olewa na depo zilizobaki sakafu tupu. Lakini sisi makatekista tuna desturi ambayo wengine hawana. Katika mtaa mmoja twaingia nyumbani kwa mwenye duka, na jioni ileile twaingia nyumbani kwa mlinzi wake. Watoto wa huyu na wa yule twawafundisha kwenye benchi moja. Basi neno lile la "vyote" tulilisikia kutoka pande mbili, tukaona kwamba halina maana moja.

Kwa mwenye duka, "vyote" vilikuwa mifuko ya sementi, mabati, na sanduku la fedha. Kwa mlinzi, "vyote" vilikuwa mshahara wa mwezi na jina lake jema. Leo twataka kuandika juu ya hayo mawili pamoja: namna ya kuwalinda watu wa kazi, na namna ya kuilinda kazi yenyewe, wakati nchi inapotikisika. Watu wengi hudhani kwamba mambo hayo yanapingana: ukiwalinda watu utapoteza mali, ukiilinda mali utapoteza watu. Sisi twasema sivyo. Anayewalinda watu wake mapema, tena akianza na yule aliye mdogo kabisa, ndiye anayepata kuufungua mlango tena.

Juu ya vita yenyewe na wanaoipigana hatutasema mengi. Wengine wamekwisha kuandika, na wengine wataandika. Sisi twasema na mtu mwenye tanuru, duka, kamio moja, kiwanda kidogo cha sabuni, au mashine tatu za kushona. Na twasema pia na wale wanaomtegemea.

Majuma matatu

Tukumbuke kwanza namna mambo yalivyokwenda. Mapigano ya M23 yalianza upya mwishoni mwa mwaka 2021 upande wa Rutshuru. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba jeshi la Rwanda liliwasaidia waasi hao. Serikali ya Rwanda ilikana. Tarehe 27 Januari 2025 M23 waliingia Goma. Kwa siku kadhaa mji ule ulikosa umeme na maji, watu wakachota maji ya ziwa. Uwanja wa ndege ulifungwa, na banki zikafunga milango yake. Tarehe 14 Februari, siku ya Ijumaa, walifika Bukavu, na tarehe 16 walikuwa katikati ya mji. Katika siku zile za katikati, askari wa kwanza walikuwa wamekwisha kuondoka na wale wa pili hawajashika mji. Ndipo walipotokea wanyang'anyi. Katika depo za Shirika la Chakula Duniani peke yake ziliporwa karibu tani 7,000 za chakula.

Zitazameni vema tarehe hizo. Kutoka siku ya Goma hadi siku ya Bukavu yalipita karibu majuma matatu. Kwa mtu anayejitayarisha, majuma matatu ni muda mrefu. Kwa mtu anayekaa akisema "tungoje tuone", ni usiku mmoja. Sote tulisikia habari za Goma kwa simu za ndugu zetu. Hakuna mwenye kazi hapa Bukavu anayeweza kusema kwamba hakupata habari. Tofauti kati ya waliofungua tena na wasiofungua haikuwa habari; ilikuwa kile walichofanya katika majuma yale matatu.

Kazi mbili katika mitaa miwili

Katika mtaa wetu kuna mwoka mikate. Hatulitaji jina lake, maana mwenyewe hapendi sifa. Ana watu kumi na mmoja: wakandaji, mchoma tanuru, wanawake wanaopeleka mikate sokoni kwa mabeseni, karani, na walinzi wawili. Goma ilipoanguka hakukimbia, wala hakuita mkutano mkubwa. Alichukua daftari, akawaita mmoja mmoja, akawauliza maswali manne. Unakaa wapi hasa? Nani wanakutegemea nyumbani? Ukilazimika kuondoka, utaelekea upande gani? Na simu yako ikinyamaza, nimwulize nani habari zako? Majibu yote aliyaandika kwa mkono wake. Alianza na walinzi, akafuata wale wanawake wa mabeseni, ambao hata hawakuwa na mshahara wa mwezi, bali walilipwa kwa hesabu ya mikate waliyouza.

Juma lililofuata alifanya mambo matatu. La kwanza, alilipa mshahara kabla mwezi haujaisha, nusu mkononi kwa noti ndogo ndogo, nusu kwa simu. La pili, aliacha kuagiza unga mpya; alioka ule uliokuwapo mpaka depo ikabaki na mifuko michache. Mtu mmoja alimshauri aufiche unga katika nyumba za wafanyakazi. Alikataa, akasema haifai kuiondoa hatari mlangoni kwake na kuipeleka mlangoni kwao. La tatu, aliwaambia walinzi mbele ya wote ili baadaye asipatikane wa kukana: "Mkisikia risasi karibu, fungeni, mwende zenu. Mlango ukivunjwa nitanunua mwingine."

Wanyang'anyi walifika kweli. Walivunja mlango, wakachukua mifuko iliyobaki, mizani, na viti vya karani. Tanuru hawakuweza kulibeba. Baada ya siku chache mwoka mikate alianza kuwatafuta watu wake, naye hakutafuta gizani, kwa sababu wote waliandikwa. Mchoma tanuru alikuwa amevuka mpaka wa Ruzizi kwenda Kamembe. Habari zake zilipatikana kwa shemeji yake, kama daftari lilivyosema. Wakaanza kuoka mara moja kwa siku badala ya mbili, kwa unga wa kukopa. Sisi tulimwuliza yule aliyemkopesha unga, ni nini kilichompa moyo katika siku kama zile. Alijibu kwamba hakutazama depo, maana ilikuwa tupu. Alitazama watu, akaona kwamba wamerudi wote.

Sasa twende mtaa wa pili, kwenye depo ya vifaa vya ujenzi. Ile Ijumaa mwenye depo alipanda gari pamoja na jamaa yake na karani wake, akavuka. Njiani alimpigia simu mlinzi: "Usiondoke. Ufunguo uko kwako. Ukipotea mfuko mmoja, utaulipa." Mlinzi huyo alikuwa anadai mshahara wa miezi miwili. Alibaki kwa sababu mbili: aliogopa deni, tena alijua kwamba akiondoka hataipata miezi yake miwili. Jumamosi watu walivunja lango. Walimpiga begani kwa mpini wa nyundo, akalala chini ya ukuta mpaka jirani walipomwokota. Mwezi wa Aprili mwenye depo alirudi, akamwuliza habari za sementi na mabati. Habari za mshahara hakuuliza.

Mke wa mlinzi alikuja kwetu. Pamoja na wazee wawili wa jumuiya tulikwenda kwa yule mwenye depo. Hakuwa mtu mwovu. Alitukaribisha, akatusikiliza, akatuonyesha karatasi za madeni yake kwa wauzaji wa mbali, kisha akasema: "Na mimi, nani atanilipa?" Swali lake lilikuwa la kweli, nasi hatukuwa na jibu la fedha. Tulimwomba jambo moja tu: atuonyeshe mahali jina la mlinzi lilipoandikwa. Alifungua daftari la wafanyakazi, akapekua, asilione. Akafungua daftari lingine, la gharama za nyumba. Mlinzi alikuwa humo, bila jina, mstari mmoja chini ya mafuta ya jenereta.

Mwenye depo alilitazama daftari kwa muda mrefu. Alilipa mwezi mmoja palepale, na wa pili akaulipa kidogo kidogo. Lakini mlinzi hakurudi kazini. Alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu. Naye ndiye aliyejua kila mwenye kamio aliyepakia kwa deni, siku gani na mifuko mingapi, maana alisimama langoni akihesabu. Madeni hayo mwenye depo hakuyapata. Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Twaongeza hivi: mtu asiye katika daftari hupotea naye, na mali huenda pamoja naye.

Mambo haya si mageni

Nchi yetu imeliona jambo hili zaidi ya mara moja. Mwezi wa Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliingia Kolwezi, mji wa shaba na kobalti wa Gécamines. Tarehe 19 Mei askari wa Ufaransa walishuka kwa parashuti, na baada yao wakaja wa Ubelgiji. Watu mamia waliuawa, na wengi wao walikuwa wenyeji. Wageni waliokuwa wakifanya kazi huko walisafirishwa kwa ndege. Wenyeji wengi walijitafutia njia kwa miguu. Mitambo mikubwa ilibaki mahali pake, lakini sehemu kubwa ya mafundi walioijua hawakuwapo tena. Bei ya kobalti ilipanda sana katika soko la dunia, maana wanunuzi waliogopa kwamba kazi haitarudi upesi. Hata mahali ambapo mashine moja ina ukubwa wa nyumba, mashine yenyewe haiwezi kujiwasha.

Kisha tukumbuke mwaka 1991. Tarehe 23 Septemba askari wa kambi ya Ndjili huko Kinshasa, waliochoka na mshahara usionunua kitu, waliasi na kupora mji, wananchi wakawafuata. Mwezi wa Januari 1993 mambo yalirudi: askari walilipwa kwa noti mpya ya zaire milioni tano, wauzaji wakaikataa noti hiyo, na bunduki zikaanza kusema. Viwanda na maduka mengi yaliyofungwa katika miaka ile hayakufunguliwa tena. Mtu aliyebeba friji moja kichwani alipoteza kazi ya miaka kumi, naye hakujua siku ile kwamba alikuwa amebeba kazi yake mwenyewe.

Machafuko hayo mawili yalianzia wapi? Kwenye mshahara. Wenye kazi wanaosema "vita ni mambo ya wakubwa, mshahara ni jambo dogo" wasome tena habari za miaka ile.

Kampani kubwa nazo zilijaribiwa mwaka 2025. Katika teritwari ya Walikale uko mgodi wa bati wa Bisie, wa kampani Alphamin, ambao mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Tarehe 13 Machi 2025 kampani ilitangaza kwamba imesimamisha kazi na kuwaondoa watu wake, ikawaacha wachache wa kutunza mitambo na kulinda. Siku chache baadaye M23 waliuteka mji wa Walikale. Walipokwisha kuondoka huko, kampani ilitangaza tarehe 9 Aprili kwamba kazi itarudi hatua kwa hatua. Muda wote huo haukutimiza mwezi mmoja. Tena kampani Heineken, iliyokuwa na Bralima wakati ule, ilitangaza mwezi wa Juni 2025 kwamba haina tena mamlaka juu ya vituo vyake vya Goma na Bukavu, kwamba imewaondoa wafanyakazi wake waliobaki huko, na kwamba itaendelea kuwasaidia kwa fedha.

Hatusemi kwamba kampani hizo ni watakatifu. Twatazama tendo tu. Zote mbili zilikubali kuacha mali nyuma ili watu waondoke. Kusimama kwa wakati si kushindwa. Anayesimamisha kazi kabla ya hatari anaweza kuirudisha. Anayengoja mpaka mtu mmoja afe, atarudisha nini, na kwa uso gani?

"Lakini mimi ni mtu mdogo"

Hapo msomaji atatujibu: "Hao wana fedha. Mimi nina duka moja na vijana wawili. Nikifunga juma moja, watoto wangu nao hawali." Neno hilo twalisikia kila siku, na ni la haki. Mwenye kazi mdogo hana ndege, hana bima, wala hana ndugu Ulaya wa kumtumia fedha. Lakini tumtazame tena yule mwoka mikate. Daftari lake lilikuwa na bei gani? Maswali manne yalimgharimu nini? Kumwambia mlinzi "nenda zako" kulimtoa fedha ngapi? Katika mambo aliyoyafanya, moja tu lilihitaji fedha, nalo ni mshahara wa mapema. Na fedha hiyo alikuwa anadaiwa kwa vyovyote, majuma mawili baadaye. Basi umaskini si sababu ya kutoandika majina.

Twataka kutoa mashauri machache. Hatukuyapata katika vitabu vya biashara. Tuliyaokota mitaani, kwa waliofungua tena na kwa wasiofungua.

Kwanza, daftari. Kila mtu anayepata chakula chake katika kazi yako aandikwe kwa jina: mfagiaji, mpakizi wa siku, mama wa beseni, mlinzi wa usiku. Uandike mahali anapokaa na mtu wa kuulizwa habari zake. Daftari hilo lisikae dukani pamoja na mali. Nakala moja iwe kwako, nyingine kwa mtu wa kuaminika. Tena lisiwe na maneno juu ya kabila au siasa ya mtu. Daftari la kuokoa lisije likageuka daftari la kushtaki.

Pili, mshahara. Mwaka 2025 banki zilipofungwa, hata mwenye fedha nyingi katika banki alikuwa kama maskini. Walimu na watumishi wengi waliozoea kulipwa kwa banki walikaa wakitazama mlango uliofungwa. Wengine walivuka mpaka kutafuta fedha. Simu ilisaidia wengi, lakini mawakala nao walikuwa na noti chache, wakatoza ada kubwa. Na noti za falanga zilizochakaa zilikataliwa sokoni. Kwa hiyo asiwepo bwana wa kazi mwenye njia moja tu ya kulipa. Awe na mbili au tatu, na watu wake wajue mapema njia hizo ni zipi. Ukiona mawingu, lipa kabla ya mvua. Ukishindwa kulipa yote, lipa nusu, ukaandike nusu iliyobaki, ukatie sahihi. Deni lililoandikwa lina heshima. Deni lililonyamaziwa huzaa chuki, na chuki ndiyo inayowaonyesha wanyang'anyi mlango.

Tatu, amri ya mlinzi. Mpe amri yake wakati wa amani, mbele ya mashahidi: uhai kwanza, ufunguo baadaye. Rungu halishindani na bunduki. Mlinzi aliyekufa mlangoni hakuokoa mfuko hata mmoja, na wajane wa namna hiyo tunawajua. Wala usimtume mfanyakazi kubeba fedha zako barabarani siku za risasi, wala kwenda kusema na wenye silaha kwa ajili yako. Jambo unalogopa kulifanya mwenyewe usimpe yule asiyeweza kukataa.

Nne, kazi isijulikane na mtu mmoja peke yake. Mchoma tanuru awe na mwanafunzi. Karani aonyeshe mwenzake namna ya kusoma hesabu. Madeni ya wateja yaandikwe, yasikae kichwani mwa mlinzi. Hivyo mmoja akivuka mpaka, kazi haivuki pamoja naye. Tena yeye mwenyewe ataweza kuondoka na roho tulivu, bila kuambiwa kwamba ameua kazi ya wengine.

Tano, kurudi. Siku ya kufungua, mtu asilazimishwe. Bwana wa kazi anajua hatari ya biro yake. Mfanyakazi ndiye anayejua hatari ya njia yake ya kushuka Kadutu au kutoka Panzi asubuhi kungali giza. Mwoka mikate wetu alibadili saa za kazi: watu walifika jua limekwisha kutoka, wakaondoka kabla ya jioni. Mikate ilipungua, lakini hakuna aliyepotea njiani.

Sheria nayo ina neno

Wengine waliwaambia wafanyakazi wao: "Vita vimevunja mkataba, hatudaiani tena." Sivyo. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, yajua habari za nguvu kubwa isiyozuilika, ile ambayo Wafaransa huiita force majeure. Yasema kwamba nguvu hiyo inasimamisha mkataba kwa muda. Kusimamisha si kuvunja. Mshahara wa siku zilizokwisha kufanyiwa kazi haufutwi na mizinga, maana jasho lilikwisha kutoka. Papa Leo XIII alipoandika barua yake juu ya watu wa kazi, tarehe 15 Mei 1891, alilitetea neno hilohilo la mshahara wa haki, na katika barua ile hatuoni ruhusa yoyote kwa wakati wa vita.

Mfanyakazi naye atunze karatasi zake: mkataba, karatasi za mshahara, na hati za CNSS, kaisi iliyochukua nafasi ya INSS. Azipige picha, picha azitume kwa ndugu aliye mbali. Tumewaona wazee waliofanya kazi miaka ishirini katika nyumba za biashara zilizokufa, na leo hawana karatasi moja ya kushuhudia miaka hiyo. Katika kukimbia watu hubeba godoro na kusahau bahasha. Godoro litapatikana tena.

Kwa wafanyakazi

Hatuwezi kuwaandikia mabwana wa kazi peke yao, kana kwamba wengine hawana wajibu. Katika siku zile za Februari kulikuwa na wafanyakazi waliowaonyesha wanyang'anyi mahali pa kuvunja. Wengine walisema: "Hakunilipa, basi nimejilipa." Twaelewa uchungu wao, lakini hatuwezi kulisifu tendo lao. Aliyejilipa kwa kuvunja depo alichukua na mishahara ya wenzake ambao hawakuvunja kitu. Mtu mmoja aliyebeba mabati manane aliyauza kwa bei ya mawili, maana kila mtu mtaani alikuwa anauza mabati. Hiyo ni faida ya namna gani?

Kulikuwa pia na wengine. Tunamjua fundi cherehani aliyezibeba mashine mbili za bibi aliyemwajiri, moja asubuhi na moja jioni, kabla risasi hazijafika, akazitunza, akazirudisha. Hakuagizwa. Alipoulizwa sababu alisema kwamba mtoto wake alipougua typhoid mwaka uliotangulia, yule bibi alifika hospitalini kabla ya baba zake wadogo. Watu hawa wawili walikuwa wamekwisha kulindana kabla vita havijaja. Vita vilipofika vilikuta kazi imekwisha kufanyika.

Wasomaji wapenzi, hatujui mawingu yatakusanyika tena lini, wala juu ya mji gani. Lakini daftari linapatikana katika kila duka la mtaa, na kalamu vilevile. Mwenye kazi asingoje habari za mji wa jirani. Juma hili, jioni moja baada ya kufunga, akae na watu wake awaulize yale maswali manne, aandike majibu. Na jina analolizoea kuliandika mwisho, au lile ambalo hajawahi kuliandika kamwe, alianze nalo katika mstari wa kwanza.